Uamsho wa kweli unajulikanaje, na mbona tunaomba hauji?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mimi ni mama, niko kwenye kikundi cha maombi cha kanisa letu huu mwaka wa sita. Tumeomba uamsho mpaka tumechoka. Mwaka huu tumefunga siku 21 mara mbili, tukafanya na semina ya siku saba, mhubiri aliyekuja alikuwa na nguvu kwelikweli, watu walilia, wengine walianguka, kila mtu akasema sasa uamsho umeshuka. Haikupita miezi miwili tukarudi palepale, ibada ya katikati ya wiki watu kumi, masengenyo yamerudi, hata ndani ya kikundi chetu wapo wasioongea (mimi mwenyewe na mwenzangu mmoja hatusalimiani tangu mwaka jana kwa ajili ya pesa za kikundi, ila hilo ni la pembeni). Naomba unisaidie, uamsho wa kweli unajulikanaje, na ni nini kinauzuia? Na je, tuendelee na mkesha wetu wa Ijumaa au tupumzike kwanza?

JIBU: Amina mama, asifiwe milele. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila nikilisoma macho yananirudi kwenye yale maneno uliyoyaweka kwenye mabano. Nitayafikia. Ngoja kwanza nikujibu ulichouliza, maana ni swali la wengi, na wengi wanaliuliza wakiwa wamevunjika moyo kama wewe.

Tuanze na neno lenyewe. Anayeamshwa ni mtu aliyelala, na aliyelala yumo ndani ya nyumba tayari. Mkutano wa injili wa kuwaleta walio nje kwa Yesu ni kazi njema na ni agizo, ila hiki tunachokiita uamsho kinaanza na sisi tuliomo ndani, sisi tunaojua nyimbo zote na tunajua amina inaitikiwa wapi. Zaburi ya 85 wanaoomba ni watu wa hekaluni, wana wa Kora, na wanasema hivi, "Hutaki kurudi na kutuhuisha, watu wako wakufurahie?" Watu wako, yaani wenyewe. Na lile kanisa la Efeso kwenye Ufunuo 2 lilikuwa na bidii, lina subira, linajua hata kuwapima mitume wa uongo, ukilitembelea Jumapili ungesema hapa mambo ni mazuri, lakini Bwana anawaambia mmeuacha upendo wenu wa kwanza. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Kwa hiyo mtu asije akakudanganya kwamba kanisa lenye ratiba nzito na kwaya nzuri haliwezi kuwa limelala, linaweza, na usingizi wa namna hiyo ndo mgumu kuliko wote maana aliyelala anaota kwamba yuko macho.

Sasa dalili. Watu walilia, watu walianguka, ndo uamsho? Jonathan Edwards alikuwa mchungaji wa Northampton huko Marekani wakati wa uamsho mkubwa wa miaka ya 1730 na 1740, aliona kwa macho yake watu wakipiga kelele na kuishiwa nguvu ibadani, na mwaka 1741 alilizungumzia jambo hilo kwa kituo kabisa. Alisema mambo ya mwili, machozi, kutetemeka, kuanguka, hayathibitishi kwamba ni kazi ya Roho na wala hayathibitishi kwamba siyo kazi ya Roho. Ni kama hayajasema kitu. Akawarudisha watu kwenye 1 Yohana 4, wapime je, Yesu anainuliwa? Dhambi inachukiwa? Watu wanalipenda Neno kuliko mwanzo? Wanampenda Mungu na wanapendana wao kwa wao? Hapo ndo pa kupimia. Mi nakubaliana naye mia kwa mia, na nasema hivi siyo kwa kuyadharau machozi, mimi mwenyewe nimelia mbele za Bwana na siyaonei aibu, ila nimeona pia watu waliolia sana Ijumaa na Jumamosi asubuhi wakamtukana mfanyakazi wao wa ndani kwa sababu ya chai.

Chukua Biblia yako usome Nehemia 8. Watu walilia pale, wengi tu, lakini angalia kilichowaliza. Ezra alisimama akasoma torati tangu mapambazuko mpaka saa sita mchana, Walawi wanapita kwa watu wanawafafanulia maana, watu wamesimama wanasikiliza. Hakuna aliyewaambia lieni. Kinyume chake waliambiwa nyamazeni, msilie, furaha ya Bwana ndiyo nguvu zenu. Alafu rudi nyuma sura tatu, Nehemia 5, sura ambayo sijawahi kuisikia kwenye semina ya uamsho hata moja. Pale matajiri walikuwa wamewakopesha ndugu zao kwa riba mpaka wakachukua mashamba yao, mizabibu, mizeituni, na watoto wa watu wamekuwa watumwa. Nehemia akakasirika sana, akawaita mbele ya mkutano, na wale wakubwa wakakubali kurudisha, mashamba, nyumba, na ile sehemu ya mia waliyokuwa wanatoza, wakala na kiapo. Sura ya 5 inatangulia sura ya 8 mama. Watu walikuja kusikia Neno baada ya mali ya maskini kurudi kwa mwenyewe.

Hii ndo dalili ninayoiamini kuliko zote na nikiikosa huwa sina haraka ya kuita kitu uamsho: mambo yaliyofichwa yanatoka nje, na yaliyoharibiwa yanatengenezwa. Zakayo hakuna aliyemtajia deni, alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na ni baada ya maneno hayo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Matendo 19, kule Efeso, "wengi wa wale walioamini" ndo waliokuja wakiungama na kuyadhihirisha matendo yao, yaani waumini, watu ambao tayari wako kanisani na vitabu vya uganga bado viko nyumbani kabatini, wakavileta wakavichoma mbele ya watu wote, vikahesabiwa thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Wangeweza kuviuza. Hawakuviuza.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na pale Namirembe akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja siku mbili wanasoma Maandiko na kuomba. Basi. Hakukuwa na spika wala jukwaa, ni watu wawili na Biblia, Mzungu na Mwafrika wakati wa ukoloni, wanaambiana ukweli kama ndugu. Katika miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini, ukaenda Uganda, Kenya, Tanganyika, Burundi, watu wakaitwa Balokole, waliookoka, na mpaka leo ukiimba Tukutendereza Yesu mahali popote ukanda huu utasikia mzee fulani nyuma anaitikia. Ukiwauliza waliokuwepo au watoto wao ni nini hasa kilitokea, hawataanza na miujiza. Watakuambia watu walirudisha vitu walivyoiba kazini, walilipa madeni, waume waliwaungamia wake zao, wamisionari waliwaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao na Waafrika wakawaomba msamaha wamisionari kwa chuki. Walikuwa na neno lao la kila siku, kutembea nuruni, wamelitoa kwenye 1 Yohana 1:7. Wakikutana wanaulizana je ndugu, unatembea nuruni, na wewe unatakiwa ujibu kweli.

Moja zaidi alafu twende kwenye vizuizi. Herrnhut, Ujerumani, 1727. Wakimbizi wa imani wamepewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana mmoja, Zinzendorf, nao badala ya kushukuru wakaanza kugombana, hawa wa mafundisho haya, hawa wa mafundisho yale, mmoja wao akawa anamwita hata mwenye ardhi mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Zinzendorf akaacha shughuli zake akawa anapita nyumba kwa nyumba anaongea nao. Mwezi wa tano tarehe 12 wakakubaliana wote jinsi ya kuishi pamoja, wakapatana. Tarehe 13 Agosti walipokuwa kwenye Meza ya Bwana Roho akawashukia kwa namna ambayo waliikumbuka maisha yao yote, na mwezi huohuo wakaanza maombi ya kupokezana saa 24 ambayo yaliendelea zaidi ya miaka 100. Miaka mitano baadaye wanatuma wamisionari kwa watumwa wa visiwa vya Karibea. Sasa wahubiri wetu wanapenda sana hiyo habari ya maombi ya miaka 100, nimeisikia mara nyingi sana, ila ile miezi ya kupita nyumba kwa nyumba kupatanisha watu huwa wanairuka, na nikisema ukweli inaniuma, kwa sababu tunawafundisha watu kutamani moto bila kuwaonyesha kuni zilitoka wapi.

Kinachozuia sasa. Umeniandikia mmefunga siku 21 mara mbili, kwa hiyo nadhani hutanishangaa nikikupeleka Yoshua 7. Israeli wamepigwa vitani kwenye mji wa Ai, watu 36 wamekufa, Yoshua amerarua mavazi yake amelala kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, wazee wote wamejitia mavumbi kichwani. Mkutano mzito wa maombi kuliko wowote tuliowahi kufanya. Na Mungu anausimamisha! Anamwambia inuka, kwa nini umelala kifudifudi hivi, Israeli wametenda dhambi. Yaani kuna wakati Bwana mwenyewe anasema acheni kuomba kwanza, nendeni mkachimbue chini ya hema ya mtu mmoja pale, Akani, aliyeficha vitu vilivyokatazwa, kuna joho zuri la Shinari, kuna shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu. Tukiisoma hii habari wengi tunatafuta Akani ni nani kanisani kwetu, tunamtazama jirani. Mi nakuomba uisome kama vile hema ni la kwako, na mimi naisoma kama vile ni la kwangu.

Kizuizi kingine kiko mwisho wa Nehemia, sura ya 13. Baada ya uamsho wote ule Nehemia akasafiri kurudi kwa mfalme, na aliporudi Yerusalemu akakuta kuhani Eliashibu amempa Tobia chumba kikubwa ndani ya nyua za nyumba ya Mungu, Tobia yuleyule aliyekuwa anapinga ujenzi wa ukuta. Na chumba chenyewe kilikuwa stoo ya sadaka za unga, ubani, na zaka za Walawi. Walawi wakakosa chakula wakaondoka kwenda kulima. Tobia hakuvunja mlango, alipewa chumba na kiongozi, kwa sababu walikuwa na ujamaa. Hapa napenda nitulie kidogo maana makanisa mengi yamekufa kwa chumba cha Tobia. Kuna mtu anajulikana maisha yake siyo sawa, ila ni mtoaji mkubwa, ni ndugu wa mchungaji, ndo alinunua vyombo vya muziki, basi amepewa chumba, hagusiki, na kila mtu kanisani anajua. Watu wakiona hagusiki hawatafunua ya kwao hata ulete wahubiri kumi. Nehemia alichofanya hakukiombea, alivitupa nje vyombo vyote vya nyumba ya Tobia, akaagiza vyumba visafishwe, akarudisha vyombo vya Mungu na sadaka.

Alafu kuna hili la kumtegemea mtu. Umesema mhubiri alikuwa na nguvu kwelikweli, na simjui wala simhukumu, ila uamsho hauji kwenye begi la mtu na hauondoki naye akipanda gari. Wales mwaka 1904 kijana wa miaka 26, Evan Roberts, alirudi kijijini kwao Loughor akasimama mbele ya vijana wachache na maneno yake yalikuwa mepesi tu, ungama kila dhambi unayoijua, ondoa kila jambo lenye mashaka maishani mwako, mtii Roho mara moja, mkiri Kristo mbele za watu. Nchi ikatikisika, inasimuliwa hata farasi wa migodini walishindwa kuwaelewa wachimbaji kwa sababu walikuwa wamezoea kuamrishwa kwa matusi na matusi yameisha. Lakini mwaka 1906 Roberts alikuwa amechoka kabisa mwili na akili, akajitenga, na mahali ambapo watu walikuwa wanamfuata yeye badala ya kukaa chini ya mafundisho moto ulipoa haraka. Simlaumu yule kijana, alijitoa mzima, nawalaumu waliokuwa wanamsubiri afike ndo waanze kuomba.

Ukosefu wa mafundisho ni kizuizi chenyewe pia. Watu wakiamshwa alafu wasilishwe Neno wiki kwa wiki wanarudi kulala, au mbaya zaidi wanakuwa wakali, wanaanza kupima wokovu wa wenzao kwa mavazi na kwa nani anaungama kwa sauti kubwa. Hata ndugu zetu wa uamsho ule wa Afrika Mashariki hawakukwepa hilo, walifika mahali wakagawanyika. Na viongozi nao kwa upande wao waliogopa, mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa ajili ya mambo ya uamsho, kwa hiyo usishangae uongozi ukikutazama vibaya, ombea viongozi wako na waheshimu, hofu yao saa ingine ina sababu.

Na kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, mbona Rwanda hiyohiyo ambako moto uliwaka, mwaka 1994 watu waliuawa mpaka ndani ya makanisa? Mama, sina jibu jepesi na simwamini mwenye jibu jepesi. Wapo wana wa uamsho waliokufa wakiwaficha jirani zao, na kabla ya hapo wapo ndugu Kenya wakati wa Mau Mau waliokataa kiapo na wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali, wakauawa kwa hilo. Ila najua pia kwamba tunaweza kuungama wizi wa shuka na kijiko na tusiiguse kabisa chuki ya kabila, kwa sababu hiyo tumeizoea, tumezaliwa nayo, tunaiona ni hali tu. Nuru tuliikaribisha sebuleni chumba cha ndani tukakifunga. Na nikisema tuliikaribisha namaanisha sisi, siyo Wanyarwanda peke yao.

Jambo la mwisho kwenye vizuizi ni gumu kidogo kulisema vizuri. Wapo wanaosema uamsho ni kanuni, ukifanya moja mbili tatu lazima uje. Charles Finney mwaka 1835 alifundisha karibu hivyo, kwamba uamsho ni matokeo ya kutumia njia sahihi kama mkulima anavyopata mavuno. Edwards kabla yake aliuona kama kazi ya ajabu ya Mungu ambayo huiletei ratiba. Mi naona Hosea 10:12 inawatosha wote wawili, sisi tunaambiwa tuchimbue udongo mgumu wa mashamba yetu, na tumtafute Bwana mpaka aje atunyeshee haki. Jembe ni letu, mvua siyo yetu. Kwa hiyo ukitubu na ukipatana na watu usiende kwa Mungu kama mtu aliyelipa bili anasubiri kuwashiwa umeme. Tunatubu kwa sababu tumekosa, hata kama mvua isinyeshe mwaka huu.

Haya, sasa mabano yako.

Ulisema wewe na mwenzako hamsalimiani tangu mwaka jana kwa ajili ya pesa za kikundi, ila hilo ni la pembeni. Mama, nakupenda katika Bwana na nakwambia bila kukuzungusha, hilo siyo la pembeni, inawezekana ndo lenyewe. Mnakaa chumba kimoja kila Ijumaa, mnashikana mikono kwenye duara mkihakikisha hamsimami karibu, mnaomba Roho ashuke, alafu mnatoka kwa milango tofauti. Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa tayari umefika madhabahuni na sadaka yako mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale uende kwanza ukapatane naye. Na angalia hapo haijasema wewe una neno juu yake, imesema yeye ana neno juu yako. Kwa hiyo habari ya nani alianza haipo kwenye mstari huo.

Nakuambia hivi kwa sababu nimepita hapo. Miaka ya nyuma mimi na mzee mwenzangu wa kanisa tulikosana kwenye kamati ya ujenzi, maneno yakasemwa kwenye kikao, na kwa miaka minne tulikuwa tunasalimiana mbele za watu tu. Mimi nikihubiri uamsho. Siku moja najiandaa kufundisha hiyohiyo Mathayo 5 nikashindwa kuandika mstari wa pili, nikafunga daftari nikaenda kwake kwa miguu. Nilimkuta nje ameinama, amepindua baiskeli ya mtoto wake anatengeneza mnyororo, mikono yote ina grisi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno marefu, yote yakapotea, nikasema tu, mzee, kile kikao nilisema jambo juu yako ambalo nilijua siyo kweli, nimekuja kuomba msamaha. Hakuinua kichwa. Akaendelea kuzungusha pedali, mnyororo unalia tik tik, ikawa kimya kirefu mpaka nikafikiri niondoke. Baadaye akasema, hata mimi kuna barua niliandika kwa askofu na hukuijua. Akasimama, na kwa sababu ya ile grisi hakuweza kunipa mkono, akaninyooshea kiwiko, nikakishika.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyeanguka, hakuna aliyelia, kanisa liliendelea vilevile kwa miezi mingi. Ila usiku ule nilipopiga magoti sikutafuta maneno ya kuanzia.

Kwa hiyo nenda. Nenda peke yako, Mathayo 18 inasema wewe na yeye peke yenu, usibebe shahidi wala mama mchungaji safari ya kwanza. Anza na la kwako, hata kama unaona la kwako ni dogo na la kwake ni kubwa, sema nilifanya hivi, nilisema hivi, nisamehe, na uishie hapo, usiongeze "ila na wewe". Kama kuna pesa yoyote ya kikundi iko mkononi mwako irudishe yote, na kama daftari la mahesabu unalo wewe, nenda nalo ulifungue mbele yake. Kama yeye ndo alichukua na hataki kusema, wewe umemaliza sehemu yako, Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote, kwa upande wenu, upande wake ni wake na Bwana.

Tahadhari moja siwezi kuiacha. Kuungama kuna mahali pake. Dhambi uliyomkosea mtu mmoja iende kwa huyo mmoja, uliyoikosea kanisa iende mbele ya kanisa, na iliyo kati yako na Mungu siyo lazima watu wote waisikie. Nimeona ibada ambapo mtu anasukumwa kusimama na kutaja mambo ya chumbani huku simu zimeinuliwa zinarekodi, kesho yake klipu inazunguka, ndoa imevunjika. Huo siyo mwanga, ni ukatili. Na kama kuna mtu ameumizwa, mtoto amedhulumiwa au mke anapigwa, asije mtu akatumia neno kupatana kumnyamazisha, hayo yanapelekwa kwa wanaohusika kisheria, na msamaha haufuti hilo.

Kuhusu Ijumaa, endeleeni, msipumzike. Mwaka 1857 New York mfanyabiashara wa zamani aliyeitwa Jeremiah Lanphier alitangaza maombi ya saa sita mchana kila Jumatano, siku ya kwanza, tarehe 23 Septemba, akakaa peke yake chumbani karibu nusu saa, ndipo akasikia hatua za mtu mmoja kwenye ngazi. Mwisho walikuwa sita. Ndani ya miezi michache watu walikuwa wanajaa kwenye majengo mengi mjini na miji mingine. Kwa hiyo idadi isikusumbue. Ila nawaomba mbadilishe mkesha wenu kidogo, punguzeni muziki, someni sura nzima ya Biblia polepole mmoja aifafanue, wekeni na muda wa kukaa kimya bila mtu kushika mikrofoni, maana kwenye kelele hakuna anayeweza kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake.

Na Ijumaa hii wewe chelewa. Wenzako waanze bila wewe, wakiuliza uko wapi mtu aseme anakuja. Pitia kwanza kwake. Ukitoka hapo, hata kama hakukufungulia mlango, nenda mkeshani ukae mahali pako, alafu Jumamosi niandikie ilikuwaje. Na jina la huyo mwenzako usiniandikie, mimi nitamwombea bila kulijua.